Jirani wa chumba 15 aligonga ukuta mara tatu, sikumjibu. Nimtafute?

BintiKisauni

Habari zenu. Haya ni mambo ya 2020, na najua wengi mmeshaizika korona hamtaki kuisikia. Lakini mimi kuna kitu hakijanitoka, na wiki hii kimenirudia kwa sababu ya fundi. Nitaeleza fundi anaingiaje.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Mwaka huo nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Barabara ya Thika, nimepanga bedsita Kahawa Wendani, ghorofa ya tatu, chumba 14, kodi 6,500 kwa mwezi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi. Jumapili yake tukaambiwa shule na vyuo vifungwe, na sisi wa vyuo vikuu tuwe tumeondoka kufikia Ijumaa ya tarehe 20. Ploti yetu karibu yote ilikuwa ya wanafunzi. Ilimwagika kama gunia lililotoboka: magodoro ngazini, meko zinashushwa, watu wanakumbatiana ilhali kupeana mikono tu kumeshapigwa marufuku.

Mimi sikuondoka. Nyanya yangu ana pumu, na nyumba yetu ni vyumba viwili. Nikaona nikae wiki mbili kwanza nijiangalie, nisije nikampelekea mzee maradhi kwa basi la usiku. Hesabu nzuri kabisa, ila serikali nayo ilikuwa na hesabu yake. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, na Wendani tumo ndani. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa pia. Kwa hiyo hata ningeruka ukuta huu, kulikuwa na ukuta mwingine mbele unaningoja. Nilikaa mpaka barabara zilipofunguliwa tarehe 7 Julai.

Watu wakisikia upweke hudhani ni kukosa wa kuongea naye. Simu yangu ilikuwa haipoi. Mamangu asubuhi, kikundi cha darasa mchana, mashoga zangu wa Mombasa usiku. Kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kulikuwa kumefanywa bure, basi mama akawa ananitumia mia mbili leo, mia kesho kutwa, kama anayedonolea kuku nafaka. Lakini siku moja, Aprili haijafika katikati, nilijikata kidole nikikata sukuma. Si sana. Nikakaa nimekishika kidole, nangoja mtu aseme, "We! Umefanyaje?" Hakuna aliyesema. Damu ikakauka yenyewe. Nikajiambia, aa, kumbe ndiyo hii. Simu haijui ila kile unachoiambia, na mimi mambo ya kidole ningemwambia nani? Ningemtia mama wasiwasi bure.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Hiyo sitaisema sana. Ila futari ya mtu mmoja ni kitu cha ajabu, kwa sababu mkono hauijui. Unga wa kaimati niliukanda kama nilivyofundishwa, na nilifundishwa kwa watu kumi. Nikala tatu, zilizobaki nikazitazama mpaka daku.

Sasa, chumba 15.

Ghorofa yetu tulibaki milango mitatu yenye watu: mimi, yeye, na mama mmoja mwenye mtoto mwisho wa korido. Huyo wa 15 uso wake siujui mpaka leo. Tulikutana ngazini mara moja tu, wote tuna barakoa, kila mmoja akajibanza upande wake kumpisha mwenzake, mita moja unusu kama tulivyofunzwa. Nilichokiona ni raba nyeupe na mkate kwenye mfuko. Lakini kwa masikio, nilimjua kuliko ninavyowajua watu ninaofanya nao kazi sasa.

Kuta za ploti za huko mnazijua. Nilijua anapika saa ngapi, maana meko yake ilikuwa ngumu kuwaka: tik, tik, tik, kisha tusi la chini chini kwa lugha ya kwao. Nilijua anafua Jumapili. Nilijua anasikiliza taarifa ya Wizara ya Afya kila alasiri, kwa sababu na mimi nilikuwa naisikiliza kwa simu, bando likiwapo, na redio yake ilikuwa inatangulia simu yangu kidogo. Basi idadi ya wagonjwa nilikuwa naisikia mara mbili, kwanza kwake, halafu kwangu. Na nilijua anakohoa. Siku ya kwanza alipokohoa niliburuta kitanda mpaka ukuta wa pili. Nacheka nikiandika, lakini ndivyo nilivyofanya, kama kwamba virusi vinapenya matofali.

Mei, usiku mmoja, nikamsikia analia. Mwanamume anayelia na hataki asikike, sauti yake ni kama ya mtu anayepandisha kabati ngazini. Ilinichukua muda kuelewa ni nini. Na nilipoelewa, nikachomeka iafoni masikioni.

Juni ikaja. Kafyu walikuwa wameisogeza mpaka saa tatu usiku, na hii ilikuwa kama saa nne. Nimelala nimeutazama ukuta. Akagonga. Mara tatu, taratibu, kwa kifundo cha kidole. Ko. Ko. Ko. Halafu kimya. Kwanza nikapunguza sauti ya simu nikidhani namsumbua, na simu yenyewe haikuwa na sauti yoyote. Nikainua mkono, nikauweka hivi karibu na ukuta. Nikawaza: nikigonga atadhani nini? Mimi msichana peke yangu, yeye mwanamume simjui, ghorofa tupu, polisi nje. Nikaushusha mkono.

Hakugonga tena. Julai nilikwenda nyumbani, na Januari niliporudi kuchukua vitu vyangu, chumba 15 kilikuwa na mtu mwingine, mlangoni viatu vya mtoto.

Sasa fundi. Siku hizi ninaishi Bamburi. Juzi fundi alikuwa nyumba ya pili, anatafuta pa kutoboa ukuta watundike televisheni. Akagonga mara tatu kusikiliza palipo na zege. Mimi nimeshika kikombe cha chai. Mkono wangu wenyewe, wallahi, uliinuka ukajibu: ko, ko, ko. Fundi akanyamaza. Kisha nikamsikia anamuuliza mwenye nyumba, "Kwani huko ng'ambo kuna mtu?"

Ninachotaka kuuliza ni kama kuna mwingine aliyekuwa na mtu wa ukutani kama huyu. Na je, baada ya miaka yote hii, mtu asiyenijua hata jina, nimtafute au ni wazimu? Tafadhali msiniletee mambo ya mapenzi. Si hayo.

Fundi_Baraza

Huyo alikuwa anaua mende.

BintiKisauni

Mende gani anauawa kwa mapigo matatu yenye nafasi sawa sawa?

Fundi_Baraza

Mende wa Wendani ni wagumu, dada.

MkaaMukuru

Dadangu, nimesoma mpaka mwisho, na heshima yako, lakini wacha niseme. Bedsita yako mwenyewe, meko yako, choo ndani, na unaita hayo mateso? Sisi Mukuru kwa Njenga tulikuwa saba kwenye mabati ya futi kumi kwa kumi. Tulipoambiwa redioni tukae mbali mbali, ndugu yangu mdogo akauliza, "Mbali wapi, juu ya dari?" Tulitamani huo upweke wenu hata wa saa moja. Upweke ni ugonjwa wa watu wenye funguo.

Nilikuwa niishie hapo. Nimetoka kununua maziwa nikarudi, kwa sababu hiyo ya iafoni imenikwama.

Nilikuwa na miaka 22, kibarua wa kiwandani, malipo ya siku. Mwisho wa Machi tukaambiwa msije mpaka mpigiwe simu. Nyumbani kodi ilikuwa inatoka kwangu, na sikuwaambia. Kila asubuhi saa kumi na mbili nilivaa ovaroli, nikabeba chakula kwenye kopo, nikatoka. Nilikuwa nafuata reli mpaka Makadara, nakaa mahali pana kivuli, nakula saa saba kama walio kazini, narudi kabla ya kafyu nikijifanya nimechoka. Ingawa kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, kutembea si mchezo. Aprili, Mei, Juni, hivyo hivyo. Pesa ya chakula nilikuwa nakopa kwa simu, programu hii nalipa ile. Tunalala saba, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na hakuna hata mmoja anayejua nilikoshinda.

Mamangu alikuwa akinifulia ovaroli Jumamosi. Ovaroli ya kiwandani, na haina grisi. Kwa hiyo alijua. Hakusema, na mimi sikusema.

Basi ile sentensi ya funguo naifuta. Au niiache tu, mwone nilivyoanza.

BintiKisauni

Iache. Na pole, kakangu. Mama yupo?

MkaaMukuru

Yupo, ananidai gesi.

KibokoniKahawa

Dadangu wa Kisauni, sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa ndani ya mji uliokwisha kufungwa. Tarehe 6 Mei wakaweka vizuizi, Eastleigh huko na sisi huku, hakuna kutoka mtaani mpaka mwanzo wa Juni. Idi tumeisali majumbani, na mkono wa Idi tumepeana kwa simu.

Lakini nikwambie kweli, nyumba zetu zimekaribiana hata ukipiga chafya jirani wa ng'ambo anakuombea rehema. Kikapu kinashuka dirishani kwa kamba, kinapanda na limau. Hatukukosa sauti. Mimi nilichokosa ni baraza. Nilikuwa na miaka 24, sina kazi, sijaoa, na nyumbani ukiwa hivyo kila mtu ana swali nawe. Barazani kwa wauza kahawa hakuna anayekuuliza. Unakaa, unapewa kikombe, kahawa chungu, wazee wanagombania dhumna, unanyanyuka unakwenda zako. Hujasema neno na umeshinda na watu. Hilo lilipofungwa nikawa niko ndani na dada, mashemeji na watoto, kumi na mbili sote, ninaulizwa mchana na usiku, "Mbona kimya?" Sikuwa na pa kukaa kimya bila kuulizwa.

Huyo wa 15 nahisi ndivyo alivyokuwa kwako, na wewe kwake. Baraza la watu wawili, ukuta katikati. Mtafute, si haramu.

MwanzaHadiHubei

Wakuu, habari za jioni. Mimi yangu ilianza kabla ya zenu, nilikuwa nasoma Wuhan. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 2020 tumelala mji uko wazi. Tangazo likatoka usiku wa manane, na kufikia saa nne asubuhi treni, ndege na mabasi vyote vimesimama. Zilikuwa zimebaki siku mbili Mwaka Mpya wa Kichina uingie, kwa hiyo wenzetu Wachina walikuwa wameshakwenda makwao na bweni limebaki la wageni. Siku 76, mpaka tarehe 8 Aprili.

Nchi zikawa zinatuma ndege kuchukua watu wao. Sisi wa nchi nyingi za Afrika tulibaki, tunahesabu koridoni nani kaondoka. Ukisikia begi la magurudumu linapita asubuhi unajua ni taifa fulani. Chakula kinaletwa mlangoni. Joto la mwili unajipima, unatuma namba kwenye kikundi: 36.5, 36.4. Ikawa ndiyo salamu. Mtu anakuuliza hujambo, unamjibu kwa nukta.

Jioni ya tarehe 27 Januari watu kwenye maghorofa walifungua madirisha wakaanza kupaza sauti, "Wuhan jiayou!" Tafsiri yake ni kama "kaza, Wuhan", ingawa neno lenyewe ni kuongeza mafuta. Mimi na jamaa mmoja wa Zambia tukafungua letu, baridi inakata, tukapiga kelele na sisi. Yeye alisema kama wao. Mimi nilipiga ukelele, "Mambooo!" Sijui kwa nini, ndilo lililotoka. Na kutoka jengo la mbele mtu akajibu kitu. Sikukielewa. Nililala vizuri siku hiyo kuliko siku zote 76.

Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Nilirudi Mwanza mwishoni mwa mwaka. Huku vyuo vilikuwa vimefunguliwa tangu tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29, idadi ya wagonjwa haitangazwi tangu mwisho wa Aprili, watu wanajazana uwanjani kutazama Simba na Yanga. Wiki ya kwanza ndugu walinikaa mbali, eti katoka China. Ya pili wakanizoea, lakini nikianza kusimulia naambiwa, "Hayo yameisha, bwana." Yameisha kwa nani? Nina habari ya siku 76 na hakuna anayetaka hata siku moja. Nikajifunza kunyamaza, na nyumbani wakasema kijana katulia, masomo yamemfaa.

Dada, mtu mwingine aliyesikia zile namba kabla hujazisikia wewe yupo mmoja tu duniani. Mimi yule Mzambia tunapigiana kila tarehe 23 Januari. Hatuongei kitu cha maana. Huwa ananiambia "mambo" na mimi namwambia 36.5.

Rabai_2006

Mimi nilikuwa darasa la nane, huku kwetu Rabai. Sisi tulirudishwa Oktoba tarehe 12 kwa sababu ya mtihani, wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Karibu miezi saba nyumbani. Masomo yalikuwa redioni, KBC, lakini redio ni ya babu na babu anataka habari za vifo. Simu sikuwa nayo, kwa hiyo hicho kikundi cha WhatsApp cha darasa nilikisikia tuliporudi, wakawa wanakumbushana vichekesho vya humo na mimi nacheka bila kujua.

Rafiki yangu wa dawati moja hakurudi. Alikuwa mjamzito. Kwao na kwetu ni kama kilomita nne. Miezi yote hiyo sikwenda hata mara moja, na hakuna aliyenizuia, kijijini hatukuwahi kumwona polisi wa kafyu. Sina la kujitetea. Nadhani nilikuwa nangoja shule ifunguliwe ndipo tuonane, kama kwamba urafiki nao unafunguliwa na wizara.

Mtoto wake sasa anasoma. Ananiita shangazi lakini mamake huniamkia kama mgeni.

NesiWaZamu

Nimetoka zamu, naandika kwa ufupi. MkaaMukuru, ulichofuta ulifanya vyema kukifuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025: mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke. Vijana wa miaka 13 hadi 29 ni asilimia 17 hadi 21. Na katika nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24, maradufu ya nchi tajiri zenye asilimia 11. Kwa hiyo wenye funguo wanalala afadhali.

Hao hao wa Shirika la Afya, Machi 2020, walianza kusema "umbali wa kimwili" badala ya "umbali wa kijamii", kwa sababu hawakutaka watu waachane, walitaka wasiambukizane tu. Sisi huku tulishika lile la kijamii kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa navua sare hospitalini kabla ya kupanda matatu, maana ukionekana nayo viti vya pembeni vinabaki wazi mpaka mwisho wa safari. Nafasi ya kunyoosha miguu nilikuwa nayo, hilo siwezi kukana.

Kama kuna anayesoma hapa na usiku wake haupiti, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure, kuna wa kukusikiliza.

KeatekaMzee

Binti yangu, mimi nimekuwa keateka, yaani mwangalizi wa ploti, huko Githurai miaka kumi na mmoja. Nikwambie kitu ambacho nyinyi wapangaji hamkijui. Sisi tunawajua kwa taka.

2020 nilikuwa na vyumba 32 na vyenye watu vilikuwa 9. Siku ya taka ni Jumatano, kila mtu anaacha mfuko wake mlangoni. Mlango usio na mfuko wiki moja, naangalia. Wiki mbili, nagonga. Sisemi nimekuja kukujulia hali, kijana wa mjini ukimwambia hivyo atakwambia niko sawa na mlango anafunga. Nasema nimekuja kusoma mita ya maji. Mita ya maji iko chini, karibu na geti, wanaipita kila siku. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Mzee, mita si iko chini?" Wanafungua, wanasimama hapo mlangoni, tunaongea mita. Mmoja alinieleza mita dakika arobaini, mpaka ndoa ya wazazi wake ikaingia humo.

Huyo wa 15 simjui, lakini keateka wa ploti yako anamjua. Namba ya mpangaji haitupwi, hasa akiondoka na deni. Mpigie. Jina usituletee hapa, liwe lako.

BintiKisauni

Shikamoo mzee. Wote nimewasoma, nashukuru, na Rabai_2006 nimekusoma mara mbili.

Nimempigia keateka. Kwanza alidhani nadai ile depositi yangu, akaanza kujieleza kabla sijasalimu. Nilipomwambia 15 ya 2020 akanyamaza kidogo, akasema, "Yule wa raba nyeupe?" Moyo ulinipasuka. Ni kijana wa upande wa Kakamega, alikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya mjini, hoteli ikafunga, akakaa akingoja kuitwa. Aliondoka barabara zilipofunguliwa tu, Julai hiyo hiyo, kabla yangu au baada yangu, hajui.

Nikamuuliza kama alikuwa mgonjwa. Akasema hapana, alikuwa mtu wa kimya tu. "Ila kuna siku alishuka akaniuliza, yule dada wa 14 amehama? Simsikii siku hizi." Nikamuuliza lini hiyo. Hakumbuki. Halafu akasema labda si yeye aliyeuliza, labda ni yule mama wa mwisho wa korido, mambo ya zamani hayo, yamemchanganyikia.

Nimekaa na hilo tangu jana. Juni nilikuwa nimeacha kusikiliza taarifa ya alasiri, zile namba zilikuwa zimenichosha. Kupika pia nilikuwa nimeacha, nala mkate na chai ya birika la umeme. Iafoni masikioni mchana na usiku. Upande wake, chumba 14 kilikuwa hakina sauti wiki nzima, pengine mbili.

MkaaMukuru

Namba umepewa?

BintiKisauni

Nimepewa. Nimeihifadhi kwa jina "Ukuta".

MkaaMukuru

Umepiga?

BintiKisauni

Nilipiga asubuhi, ikaita mara moja, nikakata.

Fundi_Baraza

Mara tatu ndiyo utaratibu, dada.

BintiKisauni

Amepiga yeye. Mara mbili, sasa hivi, na mimi niko ndani ya matatu hapa Kongowea, muziki umefunguliwa mpaka mwisho na makanga anagombana na mtu wa nyanya. Siwezi kupokea humu. Nimemwandikia nampigia nikishuka. Amejibu, "Sawa. Nani mwenzangu?" Bado nafikiria nimwandikie nini.